Kanda, Gunia na Rambo: Historia ya Vyombo vya Kufungia Mazao Yetu

Ndugu wanachama, katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu mtasoma habari za bei, za maghala, na za viongozi waliotutangulia. Kamati ya Uongozi imenitaka mimi, Katibu wenu, niandike habari za kitu ambacho hakitajwi katika hotuba zetu, ingawa hapana zao lililopata kutoka shambani bila ya hicho. Nacho ni chombo cha kufungia: kanda, kapu, gunia, kiroba, mfuko. Nimekubali kwa furaha, kwa kuwa katika mkoa wetu wa Tanga historia ya chombo hicho ni historia ya fedha iliyokuwa yetu ikaondoka. Na tena ni historia ya takataka zinazoua kasa na samaki katika maji ambamo baadhi ya wanachama wetu hutafuta riziki.

Mambo hayo mawili hudhaniwa kuwa mbalimbali. Mimi naona ni jambo moja. Nyuzi na majani yaliyotoka katika mashamba yetu yaliachwa, ikaingia plastiki mahali pake, na plastiki hiyohiyo ndiyo iliyoteremka baharini. Sheria za miaka ya karibuni zimeiondoa rambo dukani. Lakini hazikusema ni nani atakayeshona mfuko wa kushika nafasi yake, wala uzi wake utatoka katika shamba la nani.

Kabla gunia halijafika, mtu wa pwani alikuwa na chombo cha kila kazi. Mkwezi akishuka mnazini hukata kuti bichi, akasuka pakacha papo hapo chini ya mti. Pakacha likafika sokoni na nazi zake, likatupwa, likaliwa na mchwa. Halikumgharimu mtu hata senti moja. Kwa nafaka palikuwa na kanda lililoshonwa kwa ukili, na ukili husukwa kwa ukindu au kwa miyaa iliyoanikwa juani na kuchanwa. Akina mama wa pwani waliweza kuusuka usiku bila taa, mazungumzo yakiendelea na mikono ikiijua njia yenyewe. Palikuwa na jamanda lenye kifuniko, palikuwa na tumbi, palikuwa na susu ya kutundika chakula kisifikiwe na panya. Samaki hawakutiwa katika chombo chochote: walitungwa mashavuni kwa ukindu, na mtu alirudi kwake ameshika utungo mkononi, jirani wote wakajua leo kwa fulani kuna kitoweo gani. Halua ya Unguja iliuzwa katika vikapu vidogo vya ukili, na hata leo wako wanaoiuza hivyo.

Wala vyombo hivyo havikuwa vya jikoni na sokoni tu. Karafuu za Unguja na Pemba zilivuka bahari kwenda nchi za mbali zikiwa katika makanda ya majani ya mnazi. Majahazi ya Ghuba yaliyokuja na upepo wa kaskazi yalileta tende zilizoshindiliwa katika makanda ya majani ya mtende. Kamba za kuyafungia mizigo zilisokotwa kwa makumbi ya nazi, ambayo kwanza yalifukiwa katika tope la pwani miezi kadhaa yalainike, kisha yakapondwa. Dema za kuvulia zilisukwa kwa fito na mianzi. Dema ikipotea baharini, haikuendelea kuua samaki miaka nenda miaka rudi, bali ilioza ikawa tope.

Sisemi haya kwa kutamani mambo ya kale. Pakacha halichukui unga. Kanda halizuii fukusi wala unyevu, na kuyasafirisha mahindi ya wilaya nzima kwa garimoshi yakiwa ndani ya makanda kungekuwa kazi ya kukonda. Ninalotaka mwanachama alione ni kwamba kila chombo kati ya hivyo kilitoka katika mti wa mtu anayejulikana, na malipo yake, yalipokuwapo, yalibaki kijijini.

Gunia lilikuja na biashara kubwa. Neno lenyewe asili yake ni Bara Hindi, na chombo chenyewe vilevile. Juti hulimwa katika nchi tambarare za Bengal, mahali penye maji mengi. Katika karne ya 19 ilifumwa kwanza katika viwanda vya Dundee, huko Uskoti, kisha kiwanda cha kwanza cha Bengal kikajengwa Rishra, karibu na Calcutta, mwaka 1855. Toka hapo hapakuwa na kahawa, pamba, mbata wala mahindi katika Afrika ya Mashariki ambayo hayakupitia mfuko wa juti. Gunia likawa si chombo tu bali ni kipimo. Mkulima akiulizwa amevuna kiasi gani hajibu kwa kilo, hujibu kwa gunia. Na kwa kuwa chombo ni kipimo, mwenye chombo ndiye mwenye nguvu. Hapa nataka niitaje lumbesa, ingawa si habari yetu kuu: yule mnunuzi ajazaye gunia mpaka shingoni, kisha akalishonea kilemba juu yake, hutumia chombo kumnyang'anya mkulima jasho lake bila kusema neno. Kiroba cha plastiki na wavu wa nailoni vimemrahisishia kazi hiyo kupita kiasi, maana hunyumbuka na kurefushwa kama apendavyo.

Sasa nifike kwenye katani, ambayo kwa watu wa Tanga ndiyo moyo wa habari.

Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikitawala biashara hapa, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu na miche mingi ikafa njiani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 mkonge ulienea Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro, ukaenda mpaka Kenya. Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa katani. Vita vya Korea, vya mwaka 1950 hadi 1953, vilipandisha bei sana, na mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000, kiasi ambacho hakijapata kufikiwa tena.

Hapana budi kusema kweli kwamba utajiri ule haukuwa wa wakulima wadogo. Mashamba yalikuwa ya makampuni, na wakataji walikuwa manamba, watu walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali na nchi za jirani, wakaishi kambini na kuhesabiwa kwa namba. Wazee wengi wa mkoa huu ni watoto wa manamba, na baadhi ya wanachama wetu ni wajukuu wao. Lakini hata hivyo reli, bandari, maduka na shule za mji wa Tanga zilisimama juu ya jani lile lenye mwiba. Baada ya Uhuru ilionekana vema kwamba nchi yenye uzi wake isinunue mifuko kwa wengine. Moshi kukajengwa kiwanda cha magunia. Viwanda vya kusokota kamba na kufuma mazulia vikafanya kazi hapa mkoani. Mtu angeweza kudhani kwamba habari ya chombo imekwisha, kwamba gunia la mahindi ya Mtanzania litatokana na mkonge wa Mtanzania daima.

Walakini jambo la kuyapindua hayo lilikuwa limekwisha anza, tena mbali na hapa. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa kampuni ya ICI huko Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakijaribu gesi chini ya mgandamizo mkubwa. Walipofungua chombo chao wakakuta kitu cheupe kama nta. Ndiyo polithini. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Italia, akifuata njia iliyofunguliwa na Karl Ziegler wa Ujerumani, alipata polipropilini iliyo ngumu na inayovutika kuwa uzi. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963, yaani mwaka mmoja tu kabla ya ule ambao katani yetu ilifika kileleni. Na mwaka 1965 kampuni ya Celloplast ya Sweden ilipata hataza ya Marekani ya mfuko wa plastiki wenye mikono miwili, uliobuniwa na Sten Gustaf Thulin. Mfuko huo ndio mama wa rambo zote.

Polithini ilikuja kutupiga baadaye. Polipropilini ilitupiga kwanza. Soko kubwa la katani halikuwa magunia, bali ni kamba za kufungia majani makavu ya mifugo katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Kamba ya polipropilini ilikuwa nyepesi, haiozi ghalani, na bei yake ilifuata bei ya mafuta ya petroli, si mvua ya Korogwe. Katika miaka ya 1970 wanunuzi wakaanza kuhama. Wako wanaosema kwamba katani iliuawa na kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967, na wengine husema ni uongozi mbovu na thamani ya shilingi. Siwezi kuyakana hayo. Kila moja lilikuwa na sehemu yake. Lakini hata nchi ambazo hazikutaifisha shamba lolote ziliona bei ya nyuzi ikiporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania nzima haikufikisha hata tani 30,000. Mashamba yakaota msitu, na mashine za korona zikapata kutu.

Kisha kile kilichotushinda ng'ambo kikaja kutuuzia mlangoni. Gunia la katani likapisha kiroba cha sandarusi, ambacho ni polipropilini iliyofumwa. Kapu la ukili likapisha mfuko wa nailoni, ambao watu waliuita rambo kwa sababu ya picha ya mchezaji wa sinema iliyochapwa juu yake. Utungo wa samaki ukatoweka. Chumvi, karanga, ubuyu, maji, hata pombe kali vikatiwa katika vifuko vidogo; viroba vile vya pombe vilileta madhara mpaka Serikali ikavipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mama aliyekuwa akisuka ukili akaona kwamba kapu lake la siku tatu linashindana na mfuko unaotolewa bure. Nani ashindane na bure? Binti yake hakujifunza kusuka.

Na bure ile ililipiwa na bahari. Mfuko mwepesi hauna uzito wa kukaa mahali. Upepo huuchukua hadi mtaroni, mvua huusukuma mtoni, na mto Pangani, kama mto Zigi, haujui njia nyingine ila ya baharini. Wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka 2010 peke yake tani kati ya milioni 4.8 na milioni 12.7 za plastiki ziliingia katika bahari za dunia kutoka nchi kavu. Huko haiozi. Jua huikausha, mawimbi huivunja, ikawa vipande, na vipande vikawa chembe, lakini plastiki hubaki plastiki.

Kasa ndiye aijuaye zaidi taabu hiyo. Mfuko unaoelea majini hufanana na konyeza, yule mnyama laini kama uji awashaye ngozi, ambaye ni chakula cha aina kadhaa za kasa. Tena si macho tu yanayomdanganya: utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba plastiki iliyokaa baharini na kuota utando wa viumbe vidogo hutoa harufu ya chakula, na kasa huifuata kwa harufu. Akiisha kuimeza, huziba utumbo, au humjaza hewa asiweze kuzama, akabaki anaelea mpaka afe kwa njaa au agongwe na chombo. Utafiti mwingine, wa mwaka 2018, ulikadiria kwamba kasa aliyemeza vipande 14 ana nafasi sawa ya kufa na ya kupona. Na kasa wetu hutaga katika fukwe za mkoa huu, kama vile Madete katika Hifadhi ya Saadani. Jike huja usiku, akachimba, akafukia, akarudi majini. Mtoto anapotoka mchangani jambo la kwanza kukutana nalo katika safari yake ya kwenda majini ni takataka zetu.

Yuko pia silikanti, samaki wa kale ambaye dunia ilidhani ametoweka tangu zamani za zamani, na ambaye wavuvi wa Kigombe na Tanga wamemnasa mara nyingi tangu mwaka 2003. Kwa ajili yake ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Huyo huishi katika kina kirefu. Lakini ndugu yake mmoja aliyenaswa Indonesia mwaka 2016 alikutwa na mfuko wa viazi vya kukaanga tumboni. Ikiwa takataka ya dukani imemfikia samaki yule huko chini, sijui ni nani baharini aliyesalimika.

Nisieleweke kwamba takataka yote ya bahari ni mifuko. Mwaka 2019 watu wa kujitolea walikusanya tani 25 katika kisiwa cha Aldabra, Ushelisheli, kisiwa kisicho na duka wala soko, wakaona kwamba sehemu kubwa ya uzito wake ilikuwa nyavu na kamba za meli za uvuvi. Kandambili nazo zilikuwa maelfu kwa maelfu. Na wakulima wetu wa mwani wana lao la kujitazama. Tangu kilimo hicho kilipoanza Unguja mwaka 1989, mwani hufungwa kambani kwa vijinyuzi vya plastiki ambavyo kila msimu hukatika na kwenda na maji. Mwani ni zao linalotegemea maji safi, na sisi wenyewe tunayachafua kwa uzi wa kulifungia.

Sheria zilikuja kwa hatua. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, kwa kuwa kisiwa hakina mahali pa kuficha taka yake. Rwanda ikatunga sheria yake mwaka 2008. Kenya ilijaribu mara kadhaa, na hatimaye marufuku yake ikashika tarehe 28 Agosti 2017, ikiwa na adhabu ya kutisha ya faini ya hadi shilingi milioni 4 za huko au kifungo cha hadi miaka 4. Kwetu Bara, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza Bungeni mwezi Aprili 2019, na tarehe 1 Juni 2019 ikawa siku ya mwisho wa rambo. Katika mwanzo wa mwaka huohuo jahazi dogo lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, chini ya mkono wa fundi Ali Skanda, lilisafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, likivishwa rangi za kandambili, na watu wa miji ya pwani wakajaa ufukweni kulitazama.

Wengi walidhani marufuku ya Bara haitashika. Ilishika kuliko walivyodhani. Mtu aliyekutwa akiutumia mfuko alikabiliwa na faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000, na katika majuma machache mitaro ilibadilika rangi. Wasuka vikapu waliosahauliwa wakatafutwa tena. Kwa muda wa miezi kadhaa kikapu cha ukindu kilipanda bei, na ilikuwa furaha kuona vijana wakikibeba bila haya.

Lakini nafasi iliyoachwa na rambo haikujazwa na vikapu. Ilijazwa na mifuko ya kaki, ambayo ni karatasi na haina ubaya mwingi ila kuchanika ikilowa. Na zaidi ya yote ilijazwa na ile inayoitwa mifuko mbadala. Mfuko huo una sura ya kitambaa, na wanunuzi wengi huamini kwamba ni kitambaa. Sivyo. Ni nyuzi za polipropilini zilizobanwa kwa joto bila kufumwa. Yaani ni yuleyule aliyeishinda katani, amebadili kanzu. Shirika la Viwango lilitaka uwe na uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba ili uweze kutumika mara nyingi, na hilo ni jambo la maana. Walakini mitaani ilienea ile hafifu, inayochakaa kwa safari moja au mbili na kunyambuka nyuzinyuzi. Kenya iliiona hatari hiyo mapema, ikaipiga marufuku mifuko ya namna hiyo mwaka 2018. Hapa kwetu wenye maduka walitafuta mwanya mwingine pia: vifuko vyembamba vyeupe vilivyoruhusiwa kwa kufungia bidhaa viligeuzwa vya kubebea, mpaka Serikali ikalazimika kutoa makataa mwaka 2021.

Jihadharini vilevile na maandishi yasemayo kwamba mfuko fulani huoza wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walizika mifuko ya aina mbalimbali ardhini na kuitumbukiza baharini kwa miaka 3. Katika habari waliyoitoa mwaka 2019 walieleza kwamba mfuko uliouzwa kwa jina la kuoza bado uliweza kubeba vitu vya sokoni. Aina moja tu, ile iliyotengenezwa ili iwe mboji, ndiyo iliyotoweka baharini katika miezi 3. Ukindu hauhitaji maandishi.

Nimefika mahali ambapo mwanachama mwenye haki ataniuliza: Katibu, je, unataka tuache plastiki yote? La. Mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka mbili za ndani zisizopitisha hewa, imeokoa mahindi na kunde za wanachama wengi kutokana na dumuzi na fukusi bila ya dawa ya sumu. Hiyo hukaa ghalani, hutumiwa misimu kadhaa ikitunzwa, haipeperuki mtaroni. Kanuni za mwaka 2019 zenyewe ziliacha vifungashio vya kilimo. Mimi nahesabu chombo kwa safari zake: kitakachotoka nyumbani mara moja na kutupwa, huyo ndiye adui wa kasa.

Lakini gunia la kawaida la mahindi, la mbata na la korosho ni habari nyingine. Korosho ghafi huwekwa katika magunia ya juti kwa sababu zinahitaji kupumua. Zikifungwa katika sandarusi hufanya joto na kuharibika, tena wanunuzi hawataki nyuzi za plastiki ndani ya zao lao. Magunia hayo ya juti huletwa kwa meli kutoka Bangladesh na India, na kila msimu wakulima wa kusini wamejua maana ya meli kuchelewa. Zao letu hungoja mfuko wa mtu mwingine, huku mkonge umesimama katika mashamba ya Magunga, Ngombezi, Mwelya na Hale. Tena safari hii mkonge si wa makampuni peke yao. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wakulima wadogo wa Korogwe walianza kugawiwa vipande katika mashamba yaliyokuwa ya manamba, na leo wana vyama vyao vya msingi. Mjukuu wa manamba ana mkonge kwa jina lake mwenyewe.

Ziko shida, nami sitazificha. Gunia la katani ni zito kuliko la juti na kuliko kiroba, na mwenye lori hupiga hesabu ya uzito. Bei yake ya kununulia ni kubwa kuliko ya sandarusi, na mkulima mwenye deni la pembejeo hutazama bei ya leo, si ya safari ya tano. Nyuzi zake ni ngumu, huchoma mikono ya wachukuzi. Katika jani la mkonge uzi ni kama sehemu 4 tu katika 100, na zilizobaki ni maji na makapi; kiwanda kinachotupa makapi yake mtoni hukikosea kijiji kilicho chini, hata kama gunia lake ni safi. Na ukili nao hauwezi kufumwa kwa mashine. Ukindu ukikatwa ovyo huisha, kwa hiyo anayesema vikapu vitachukua nafasi ya mifuko yote ya soko la Tanga hajapata kukaa na msukaji hata siku moja.

Kwa hiyo Kamati haitaleta mbele ya Mkutano Mkuu ujao azimio la maneno matupu kuhusu mazingira. Italeta maombi matatu. La kwanza, Chama kinunue magunia ya katani kwa ghala moja tu kwa msimu mmoja, yahesabiwe yanapotoka na yanaporudi, ili ijulikane gunia moja limefanya safari ngapi na limegharimu kiasi gani kwa kila safari, likilinganishwa na kiroba. La pili, vyama vya msingi vya mwani vijaribu kufungia kwa kamba za makumbi au za katani katika mistari michache, na mavuno yapimwe pembeni mwa yale ya kamba za kawaida. La tatu, vikundi vya akina mama wa ukili vipewe oda ya mapema ya vikapu vya kuuzia viungo na nazi zetu katika maonyesho, walipwe nusu kabla ya kusuka, kwa kuwa mara nyingi wamesuka kwa ahadi na ahadi zikawa hewa.

Magunia matatu, la katani, la juti na la sandarusi, yatatundikwa penye mlango wa ghala kuu tangu juma moja kabla ya Mkutano. Mwanachama ayashike, ayavute, ayanuse. Mizani itakuwapo, na mtunza ghala ameagizwa asimzuie mtu yeyote atakayekuja na mahindi yake mwenyewe ili ayajaze na kuyapima.